Kiboksi cha Tatu

Mlio ulimkuta Mama Injini akipuliza chai. Pa! Kisha tena, pa, pa, kama mtu mwenye hasira anayegonga bati kwa nyundo. Karakana nzima iligeuza shingo kutafuta kilichoanguka. Yeye hakugeuka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefungua, amefunga na kusikiliza injini za ndege, na mlio ule aliujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Ilikuwa injini iliyopaliwa na hewa iliyoivuta yenyewe, ikaitapika kwa kishindo. Na injini haipaliwi namna hiyo ikiwa imeegeshwa. Hupaliwa inapokamuliwa hadi mwisho, ndege ikiwa mbioni kuruka.

Redio ya karakana, ambayo siku zote ilifunguliwa kwenye sauti ya mnara wa kuongozea ndege, ikakoroma. Sauti ya mwanamke kijana ikasema bila haraka, "Mnara, tunasimama. Tunasimama njiani."

Kikombe kilimponyoka. Ilikuwa sauti ya binti yake.

"Mama Injini," alisema Koleo, fundi mwenzake, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango, "si ulisema leo yuko nyumbani?"

"Ni rubani wa akiba leo. Aliniambia hatapangiwa safari."

"Basi kapangiwa."

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwenye goti bovu na viatu vyenye ncha za chuma, alikimbia mpaka kwenye uzio wa njia ya kurukia. Ndege ilikuwa imesimama hatua arobaini tu kabla ya lami kwisha na majani kuanza. Magurudumu yalifuka moshi. Matairi manne yalikuwa yamelala chini kama maandazi yaliyokaliwa. Milango ilifunguka, maputo ya kutelezea yakajaa upepo, na abiria wakaanza kumwagika, wengine wamekumbatia mikoba waliyokatazwa kuichukua. Bibi mmoja mwenye kiatu kimoja alifika chini vibaya, akabaki pale pale ameshika nyonga, akilia kwa sauti nyembamba iliyosikika mpaka uzioni.

Wa mwisho kushuka walikuwa marubani wawili: Kapteni, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na msaidizi wake. Binti alipomwona mama yake, alimwinulia kidole gumba. Mama Injini alitaka kumwinulia chake. Mkono ulikataa. Alikuwa ameshasoma herufi za mwisho za usajili ubavuni mwa ndege. Ilikuwa imetoka mikononi mwake saa moja na dakika kumi zilizopita, na wino wa muhuri wake kitabuni huenda haukuwa umekauka.

Watu wengi hudhani ndege hupimwa, ikaonekana nzima, ndipo ikaruka. Mafundi wanajua vingine. Ndege ikiwa imeegeshwa, injini hunguruma kwa upole. Ikishatulia angani, hutumia nguvu ya wastani. Ni ule muda mfupi wa kukimbia na kupanda ndipo inapokamuliwa kama nguo, na ugonjwa uliojificha ndani hutoka hapo. Ndiyo sababu marubani hukodolea macho saa za vipimo vya injini huku njia ikiwaishia mbele ya pua. Wana namba moja waliyoikokotoa kabla ya kuondoka, kasi ya uamuzi. Injini ikiharibika kabla ya kuifikia, wanasimama, kwa kuwa bado wana breki na bado wana njia. Wakishaipita, hata injini iwake moto, wanaruka nayo hivyo hivyo, kwa kuwa lami iliyobaki haitoshi tena kusimama.

Siku ile namba ilikuwa mia moja arobaini na moja. Binti aliita "Simama!" ikiwa mia moja thelathini na sita. Kwa kanuni za kampuni yao, yeyote kati ya marubani wawili akiita neno hilo, Kapteni hurudisha nguvu nyuma na kukanyaga breki, maswali baadaye.

Binti hakulipata somo hilo chuoni kwanza. Alilipata akiwa na miaka minane, amekaa juu ya sanduku la spana siku za likizo, maana hakukuwa na mtu wa kumwachia. "Ukiwa bado chini na injini inakohoa," mama yake alikuwa akimwambia huku amezama mpaka mabega ndani ya injini, "baki chini. Usijifanye shujaa. Mashujaa tunawazoa kwa sepetu." Mtoto alicheka, akalikariri kama shairi.

Tatizo lilikuwa kwenye karatasi.

Jioni ya kuamkia siku ile, rubani aliyeileta ndege alikuwa ameandika kitabuni: "Mlio mkubwa injini ya kulia wakati wa kuruka. Mara moja tu. Safari iliendelea." Mama Injini aliyasoma hayo saa nne asubuhi. Alihisi ni valvu moja ndani, ile inayoisaidia injini kupumua, ambayo hukwama ikipata joto kali. Kulijua hilo kulihitaji jaribio. Karatasi ya jaribio ina viboksi vitatu: nguvu ya chini, nguvu ya kati, nguvu kamili. Viwili vya kwanza hufanyika mbele ya karakana. Cha tatu hakifanyiki hapo, labda mtu awe anataka kupeperusha magari ya wakubwa. Kinataka trekta ivute ndege hadi mwisho kabisa wa uwanja, nyuma ya ukuta wa udongo, kwa ruhusa ya mnara. Kwenda, kupima na kurudi ni saa mbili, siku ambayo kila kitu kimenyooka.

Meneja wa karakana alikuja akiwa na simu mbili, moja kila sikio.

"Mama, ndege yangu vipi?"

"Inataka kiboksi cha tatu. Na huenda valvu ifunguliwe."

"Abiria wako getini, Mama. Dakika hamsini."

"Rubani wa jana ameandika mlio."

"Mara moja! Mimi mwenyewe nikila haraka napaliwa mara moja. Usiniletee historia, niletee karatasi."

Hakusema neno zaidi ya hilo. Hakuhitaji. Karakana ile ilikuwa na desturi yake, wala hakuna aliyeianzisha kwa makusudi. Viboksi viwili walivijaza kwa injini, na cha tatu wakakijaza kwa kalamu. Fundi alichukua karatasi ya zamani ya injini ile ile, akanakili namba, akaongeza mbili hapa na kupunguza tatu pale ili zisifanane mno. Waliita kutia chumvi. Miaka sita walitia chumvi na hakuna ndege iliyoanguka, kwa hiyo wakaanza kuona kwamba kiboksi chenyewe ndicho kilichokuwa upuuzi.

Mama Injini alitia chumvi, akapiga muhuri.

Jioni binti alikaa jikoni bado na sare, viatu amevivua, miguu juu ya kigoda. Hakuwa akilia. Alikuwa akizungusha glasi ya maji mezani, duara moja baada ya jingine.

"Mama, wewe uniambie ukweli. Ile ilikuwa nini?"

"Injini ilipaliwa."

"Kwa hiyo nilifanya sawasawa?"

"Ulifanya sawasawa."

"Kapteni anasema nimekurupuka. Anasema ilikohoa nusu sekunde ikajirudi, na kasi ilishakaribia namba, tungeruka tu. Kinasa cha ndege nacho kinaonyesha hivyo, nguvu ilishuka kidogo ikarudi. Anasema nimevunja watu nyonga kwa woga."

"Kapteni anataka kustaafu na shada la maua shingoni. Muache."

"Injini yenyewe wameipeleka ng'ambo kufunguliwa, majibu ni miezi. Lakini wanasema hawahitaji kungoja, maana asubuhi ile ile ilipimwa kwa nguvu kamili, ikawa safi." Aliacha kuzungusha glasi. "Nani aliipima?"

Mama Injini alikuwa amempa mgongo, anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

"Mimi."

Kisha binti akashusha pumzi, na katika pumzi ile kulikuwa na kitu kibaya kuliko lawama. Kulikuwa na imani.

"Wewe? Basi." Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Kama ni wewe uliyeipima, basi ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekosea."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alijua hivyo wakati ule ule, si baadaye. Badala yake alisema, "Kula kwanza," akampakulia.

Kesho yake Meneja alimwita ofisini, akafunga mlango, akampa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Karatasi yako ndiyo inayotubeba, Mama. Kamati inakaa Alhamisi. Utaulizwa swali moja: ulipima? Utajibu neno moja."

"Na mwanangu?"

"Mwanao ni mwanangu. Atarudishwa darasani miezi mitatu, akae kwenye chumba cha mazoezi, ajifunze kutulia. Kisha anarudi angani. Nani hajawahi kurudishwa darasani?"

"Una hakika?"

"Mama! Nimekwambia." Akasogeza kiti. "Lakini ukianza kufungua mdomo, watafukua karatasi za miaka yote. Siyo zako tu. Za Koleo, za kila mtu. Ndege zote chini, watu wote nje. Wewe na muhuri wako mtaishia nyumbani mnaangaliana."

Alitoka pale akijiambia kwamba miezi mitatu si kitu. Alijiambia hivyo njiani, akajiambia akipika, akajiambia akipiga pasi shati jeupe la binti kwa ajili ya Alhamisi. Kola aliipiga pasi mara mbili. Binti kwa siku hizo tatu alikuwa ameanza kuongea kwa sauti ya chini, kama mgeni. Asubuhi moja Mama Injini alimkuta amesimama mbele ya kioo akijiuliza polepole, "Nilisikia nini hasa? Nilisikia, au nilidhani?"

Mama yake alipita, akajifanya anatafuta funguo.

Kamati ilikuwa na watu watano, meza ndefu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mwenyekiti alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani inayoteleza, na alisoma kila kitu kwa sauti moja, nyonga ya bibi na bei ya matairi vyote sawa. Kapteni alizungumza kwanza. Alimsifu msaidizi wake kwanza, kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha akasema vijana wa siku hizi wana elimu nyingi na kifua kidogo.

Karatasi ya jaribio ilizungushwa mezani. Ilipofika kwa binti, Mwenyekiti alisema, "Una lolote la kupinga hapo?"

Binti aliisoma. Mwanzoni aliisoma kama mtu anayesoma hukumu yake, haraka haraka. Kisha kidole chake kikarudi juu, palipoandikwa joto la nje: thelathini na tatu. Kikashuka hadi kiboksi cha tatu, kwenye joto la moshi wa injini: mia saba themanini na moja. Kikabaki hapo.

Mama Injini alikuwa amekaa kando ya ukuta na mashahidi. Alijua kidole kile kimeona nini, kwa sababu yeye ndiye aliyekifundisha. Kila joto la nje linapopanda digrii moja, moshi wa injini nao hupanda tatu na kitu. Binti alikuwa akiimba hesabu ile juu ya sanduku la spana. Namba ya moshi ilikuwa ya asubuhi ya baridi, wiki tatu nyuma, nje kukiwa na digrii kumi na tisa. Siku ya digrii thelathini na tatu injini ile ingepita mia nane ishirini. Chumvi ilikuwa imetiwa kila mahali, ila pale.

Binti aliinua macho, akamtazama mama yake. Hakukunja uso. Alimtazama tu, kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu mbele za watu.

"Rubani," Mwenyekiti alirudia, "una la kupinga?"

"Sina," alisema binti, akaisukuma karatasi kwa mwenzie wa kushoto.

"Basi nisome pendekezo, kabla ya shahidi wa mwisho kuthibitisha tu." Mwenyekiti alipandisha miwani. "Kwamba rubani msaidizi aondolewe kabisa katika kazi ya urubani, na leseni yake—"

"Miezi mitatu," Mama Injini alisema akiwa amekaa.

"Samahani?"

Alimgeukia Meneja, aliyekaa mwisho wa safu ya mashahidi. "Si ulisema miezi mitatu?"

Meneja alikuwa ameanza kusoma simu yake. Simu ilikuwa imezimwa. Kioo chake kilikuwa cheusi tii.

"Mama, utaulizwa kwa zamu," alisema Mwenyekiti. "Ila kwa kuwa umeshasimama, jibu tumalize. Injini hii uliipima kwa nguvu kamili?"

Hakujua kwamba alikuwa amesimama.

"Sikuipima."

Kapteni alikohoa. Mwenyekiti alishika miwani kwa mkono mzima.

"Karatasi inasema—"

"Karatasi inasema nilichoandika. Kiboksi cha tatu nilikijaza kwa kalamu. Namba ni za wiki tatu zilizopita, na hata kudanganya sikudanganya vizuri. Tazameni joto la moshi, fundi wa mwaka wa pili angeona. Ndege ilikuwa na mlio tangu jana yake na niliusoma. Jaribio la kweli la ile injini lilifanyika njiani, na abiria mia moja na kumi na mbili ndani. Aliyelifanya ni yule pale, na alisimama kwa wakati. Angeruka, leo mngekuwa mnasoma majina."

"Haya ni mambo ya kushtua," alisema Meneja, na kweli uso wake ulikuwa umeshtuka, mpaka Mama Injini akastaajabu alivyokuwa hodari. "Katika karakana yangu sijawahi kuona wala kusikia kitu kama hiki. Mama, umenivunja moyo."

Mama Injini alimtafuta Koleo kwa macho kati ya mashahidi. Koleo alikuwa akikagua kamba za viatu vyake.

Walimalizia mchana ule ule. Binti alirudishwa kazini kwa barua ya mistari minne isiyo na neno samahani. Mama Injini alitakiwa kukabidhi muhuri kesho yake kabla ya saa tatu. Mashtaka mengine yangemfuata nyumbani. Meneja alipewa jukumu la kuchunguza karakana yake mwenyewe.

Alimkuta binti nje, kwenye maegesho, anafungua gari. Jua lilikuwa kali na lami ilinata.

"Uliona," alisema Mama Injini.

"Niliona."

"Mbona hukusema? Ulikuwa unapokonywa kazi, we mtoto, na ushahidi umeushika mkononi."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Hilo lilimwingia kama bisibisi. "Sikujua kwamba uko ndani. Ningejua umepangiwa—"

"Ungejua, ungeipima?"

"Ningeipima! Ningeivuta mwenyewe kwa meno. Hata Meneja angelala mbele ya trekta."

Alilisema kwa nguvu, kwa upendo, kama mtu anayetoa zawadi. Binti alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa.

"Na yule bibi?" aliuliza. "Yeye alikuwa hana mtoto wa kumpimia?"

Mama Injini alishika mlango wa gari, akauachia; bati lilichoma.

"Nitakuja Jumapili kuchukua nguo zangu," alisema binti. "Rafiki yangu ana chumba." Akaingia garini. Kabla ya kufunga mlango alisema, bila ukali wowote, "Ahsante kwa kusema, Mama." Ilikuwa ahsante ile wanayopewa abiria mlangoni wakati wa kushuka.

Asubuhi alikwenda karakana na sanduku lake la spana. Aliweka muhuri juu ya meza ya Meneja, ambaye hakuwepo, akajua hakuwepo kwa makusudi. Wenzake waliinamia kazi zao kuliko siku zote. Ni Koleo tu aliyekaa mahali asipoweza kujificha, kwenye benchi la mlangoni, karatasi ya jaribio gotini, kalamu sikioni. Ndege nyingine ilikuwa mbele ya karakana na ngazi zimeshasogezwa.

"Mama Injini," alisema, anamtazama kidevu. "Usinione vibaya. Nina watoto wanne."

"Mimi nina mmoja."

Kalamu ya Koleo ikatoka sikioni ikarudi karatasini, mazoea tu, mkono ukajiendea. Kiboksi cha tatu kilikuwa kitupu.

"Umeiwasha nguvu kamili?" aliuliza Mama Injini.

"Wamesema uchunguzi ukimalizika tutaanza utaratibu mpya." Kalamu ilisita hewani. "Kwa sasa ndege inaondoka dakika arobaini." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Eti, joto la moshi kwa jua kama la leo linatakiwa lisome ngapi? Ile ya kwako ndiyo iliyowashtua."

Alimwangalia. Koleo alikuwa hatanii. Alikuwa fundi mzuri, mwenye mikono mizuri, na alitaka kujua ili asikosee alipokosea mwenzake.

"Ivute nyuma ya ukuta uiwashe," alisema. "Itakwambia yenyewe."

Koleo alicheka kidogo, kwa adabu, akifikiri amechokozwa. Mama Injini alibeba sanduku lake akatoka. Sanduku lilikuwa zito, na hakuna aliyejitolea kumshika upande wa pili.

Hakwenda nyumbani. Alisimama uzioni, goti likimuuma, akangoja dakika arobaini, zikawa hamsini. Hakujua nani alikuwa anairusha. Binti alikuwa ameshapangiwa, hilo alilisikia. Kwa ndege ipi, hakuna aliyemwambia, na yeye hakuwa tena na haki ya kuuliza.

Ndege ilitokea mwisho wa njia, ikageuka, ikakamuliwa. Mama Injini alishika waya wa uzio kwa vidole vyote kumi, akafumba macho ili asikie vizuri. Ilimpita ikinguruma, ikainua pua, ikaondoka bila kishindo chochote.

Hata ile nyingine, siku moja kabla, kwenye ule mlio wa kwanza ulioandikwa kitabuni, iliondoka.

Aliendelea kusikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa, na hata ilipoisha hakuachia waya.